Mama Dishi na Nyota Iliyolipuka

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Dishi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitindamimba wa mwalimu wa hesabu na mshonaji, na tangu utotoni alikuwa mwoga wa radi, wingu likitanda tu yeye yuko uvunguni.

Alihitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1982, akaajiriwa kwenye kituo cha darubini ya redio, lile dishi kubwa linalopokea mawimbi kutoka angani, na hapo, mwezi Juni 1985, akafunga ndoa na fundi umeme wa kituo, baba yetu, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1994 nyota moja ililipuka, mama akapewa kazi ya kupima gesi yake iliyozidi kutanuka kila wiki, kazi isiyotaka kukosa hata wiki moja, kwani kipimo kikipita kimepita. Alasiri ya tarehe 17 Novemba dhoruba ilivuma, mota ikagoma dishi likiwa limeinamia upande, baba akapanda kulitengeneza, gia zikambana mkono, na chuma chote kikaanza kulia kana kwamba kinang'oka. Radi ikipasua juu yake, mama alishika ngazi, akapanda. Baba alimpigia kelele, "Shuka! Watoto watabaki na nani?" naye akamjibu, "Nyamaza bwana, naogopa vya kutosha!" Akazungusha gia kwa mikono mpaka mkono ukachomoka, umepungua vidole viwili, kisha wakalielekeza dishi juu, upepo ukakosa pa kulishika.

Kipimo cha wiki ile hakikupatikana, na kwenye mchoro wa vipimo vya nyota ile pana pengo hadi leo, ambalo mama aliwaonyesha wageni wote akisema, "Hapa nilikuwa namnasua mume wangu."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa, wala hakujifanya jasiri; asubuhi ya tarehe 4 Februari mwaka huu alimwambia baba, "Usiondoke, naogopa," na baba hakuondoka, hata alipokwisha kukata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake waliosimamisha dishi leo kwa heshima yake.

Mama, hofu imekwisha, pumzika sasa kwa amani.