Afande Topista Aber, Aliyekataa Diski Ifutwe

Tarehe 31 Desemba 1999, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Afande Topista Aber anakabidhi funguo za ofisi ya kumbukumbu ya gereza letu la Mbale. Nimekuwa mkuu wake kwa miaka saba, na nasema bila kusita: karani wa namna hii hatutampata upesi.

Alianza kazi Jinja mwaka 1968. Alijua namba ya kila mfungwa bila kufungua daftari, na hakugusa chai mpaka hesabu ya jioni itimie. Alipohamia Mbale alipanga chumba Namakwekwe, akazipanga na kabati zetu. Kompyuta alijifunzia Jinja, wakati wa likizo, kwa mwenye duka aitwaye Parag. Tulimcheka sana. Mama wa miaka hamsini na mausi ya kompyuta mkononi!

Agosti 1997 tulikoma kucheka. Paa la ofisi lilivuja, karatasi za Namukose zikaoza. Huyu ni mama kutoka kijiji cha Busiu aliyekuwa rumande miaka miwili, na kesi yake ilikuwa Jumatatu. Bila karatasi hizo angesubiri mwaka mwingine. Nakala ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu Malukhu.

Sasa, gerezani kila karatasi hubeba herufi za kundi lake. Kwa mazoea hayo, kila barua ya rumande niliyoichapa niliipa jina lenye mwisho wa RMD, herufi ambazo mashine haikuzijua. Jumamosi ile nilibofya barua ya Namukose, mashine ikauliza ifungue kwa programu gani. Nikachagua ya kuchora picha, na alama ya kufanya hivyo daima nikaiacha palepale. Mafaili yote ya RMD yakavaa sura ya picha, na hakuna hata moja lililosomeka. Fundi Conrad alipofika alisema ni virusi, dawa ni kufuta diski nzima. Nilikubali, nikidhani barua zimeshaharibika.

Topista, aliyekuja kufuata karatasi za Namukose, alifika Conrad akiwa ameshachomeka disketi yake. Aliitoa, akamrudishia mkononi. Kisha akanigeukia: "Afande, watu yote iko ndani. Wewe ulibadilisha askari ya mlango tu."

Alifungua orodha ya aina za mafaili, akaitafuta RMD, akaiondoa programu ya picha na kuweka ya kuandikia. Dakika tano hazikufika. Maelezo ya Namukose yakatokea yote, mpaka jina la shahidi wake. Jumatatu alisimama mahakamani akiwa na karatasi zake, na akaachiwa huru.

Kwenye kitabu cha matukio Topista aliandika: "Kompyuta ilisumbua. Imetengenezwa." Jina langu hakuliweka. Namukose alikuja kunipigia magoti, akiamini mimi ndiye niliyemwokoa, nami nikapokea shukrani zile huku Topista amesimama kando. Niliona aibu, na bado ninayo.

Afande Topista, asante kwa kazi, na asante kwa heshima uliyonitunzia bila kustahili. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na shamba lenye rutuba huko kwenu Gulu. Wiki iliyopita nilikwenda Busiu, nikamweleza Namukose ukweli wote. Atakuwepo kwenye sherehe ya kukuaga, na amesema kiti chake kiwekwe karibu na wewe, si karibu na mimi.

Erisa Wambede, Mkuu wa Gereza