Mlango wa Stejini: Maisha ya Mwalimu Dinah Nasimiyu

Marehemu Dinah Nasimiyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Myanga, Bungoma, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari Kimilili mwaka wa 1997, kisha akasomea ualimu. Aliajiriwa mwaka wa 2003 kufundisha darasa la kwanza karibu na Moi's Bridge, na tarehe 6 Desemba mwaka huo akafunga ndoa na Festus Wepukhulu, wakajaliwa watoto wawili, Emmy na Levi.

Tarehe 12 Novemba 2022 alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala la mahindi. Wanyonyi, mwenyekiti wa bodaboda, alimketisha kwenye pikipiki katikati yake na Festus, wakamkimbiza Kitale kwa nia njema kabisa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, miguu haikusikia tena, na daktari alisema hakuna awezaye kujua kama ni kuanguka au ni kubebwa. Alihitaji hospitali ya uti wa mgongo Nairobi, lakini vitanda huko vilikuwa vimejaa, akangoja hadi Machi ndipo akapata kitanda, na kungoja huko kukamletea vidonda vya mgongoni.

Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na Januari 2024 akarudi darasani. Kila Jumamosi Emmy alimsukuma hadi stejini, kituo cha bodaboda, akawafundisha waendesha boda kumlaza majeruhi juu ya mlango, amenyooka, bila kumkunja. Mlango wenyewe aliung'oa Wanyonyi jikoni kwake. Siku ya kwanza Wanyonyi alisimama mbali, haya imemjaa, hadi mwalimu akamwita mbele ya wenzake: "Wanyonyi, wewe ulinikimbiza, hukunivunja. Kuja ushike kichwa, na usitetemeke kama mtoto wa nasari, bana." Wakacheka, naye akashika.

Mei mwaka huu vidonda vilifunguka tena, akalazwa Kitale, akawekwa tena kwenye foleni ya Nairobi, na tarehe 3 Julai akafariki akingali anangoja. Tumewajulisha wa hospitali ya Nairobi, ili nafasi yake apewe anayefuata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza usiku na mchana, majirani, walimu wenzake na kanisa. Vijana wa boda waliomba kulibeba jeneza juu ya ule mlango. Tunawashukuru pia, ila mwenyewe alikuwa ameshakataza, akisema mlango ukija matangani na mtu akianguka barabarani, atabebwa na nini? Kwa hivyo leo uko stejini, na Wanyonyi yuko nao.

Mwalimu, umengoja vya kutosha. Pumzika kwa amani.