Fundi Joto na Mgongo wa Mkono Wake

Tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Joto, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1982.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda cha nyuzi, akakabidhiwa mota za mashine za kusokota. Alikuwa akisema waya za ndani zikipata joto huukaidi umeme, mota ikalegea, hivyo mpangilio wa asubuhi ikiwa baridi haufai tena. Aliiwasha, akaipanga, akasubiri ipate joto, akaigusa kwa mgongo wa mkono, kisha akaipanga upya. Hakutumia kiganja, maana umeme ukikipata hufumba, usiweze kuachia. Hata maji ya kuogea watoto aliyapima hivyo, nao wakimcheka: "Baba, beseni halina umeme."

Tarehe 6 Agosti 1985 alimwoa binti wa jirani mbele ya wazee, wakajaliwa watoto watatu. Wakati mota ikipata joto, alisubiri kwenye kibanda cha chai getini. Mwaka 1999 akamwoa mama mwenye kibanda, huyo kwa cheti, wakajaliwa watoto wawili. Wa mwisho kuambiwa alikuwa mke wa kwanza. Tangu hapo hakukanyaga tena kwake, wala ada ya shule haikukanyaga.

Januari 2019 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Mke wa pili alisema chumba chake ni kidogo. Akarudishwa kwa wa kwanza, naye akampokea, akamwosha, akamlisha, akampima homa kwa mgongo wa mkono.

Mwezi uliopita kaka yake mkubwa alisema, mgonjwa akisikia, kwamba kwenye maziko atatajwa mke mmoja, yule wa cheti. Akamgeukia mke wa kwanza: "Shemeji, usinune. Cheti ni cheti." Marehemu, aliyezungumza kwa tabu, akamwita. "Kaka. Huyu ndiye wa kwanza. Mtajeni wa kwanza." Radhi hakuomba. Hayo aliyasema, na kaka aliyeyasikia amekaa hapa mbele.

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2021. Mke wake alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akakuta limepoa.

Ameacha mke wa kwanza, mke wa pili, watoto watano, wajukuu wanne na kaka mmoja. Apumzike kwa amani. Na aliyemuuguza naye apumzike.