Wilaya ya Kujitegemea

Mwaka ule wa ukame, unga ulipoadimika, nilikaa kwenye basi nyuma ya watu wawili wasiojuana. Kornelio, mchonga vinyago, alikuwa akitafuta kiwanja kwao Temeke, ambapo wanawe hawatalala njaa.

"Wilaya ya kujitegemea ni Temeke, mama. Kuna mihogo, minazi, visima. Hata nchi ikifungwa, sie tunakula," alimwambia mwanamke aliyekaa kando yake.

"Visima vya maji ya chumvi!" akasema Filomena wa Kinondoni. "Hamia kwetu, ndugu. Mie nina mchicha na mbuzi."

"Mbuzi unamweka wapi?"

"Chumbani. Mume wangu amehamia barazani."

Tulicheka, isipokuwa Kornelio. Nadhani naye alikuwa akilala barazani kwake.

"Na huyo mbuzi anakula nini?"

"Mchicha."

"Nyie je?"

"Tunangoja maziwa."

"Ana mimba?"

"Ni beberu, ila tuna subira."

Balozi wa nyumba kumi, aliyekaa mbele, aligeuka kwa ukali aliposikia kuna beberu Kinondoni.

Basi liliposimama Magomeni, tuliona foleni ya unga wa njano kutoka ng'ambo. Wote wawili wakaruka chini, wakakimbia. Filomena alifika kwanza, akamvuta Kornelio mbele yake.

"Simama hapa, una watoto."

"Lakini Temeke, mama..."

"Simama kwanza!"