Dada Fremu na Mwendo wa Mama

Ndugu waombolezaji, baba yetu uliyeketi hapo mbele, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome habari za maisha ya dada yetu mliyezoea kumwita Dada Fremu, na naomba mnivumilie, maana mwenyewe alikuwa akisema nasoma kama ninayefukuzwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na soko, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu, fundi baiskeli, na mama yetu, mpishi wa shule, ambaye alianguka kwenye ngazi za jiko la shule akavunjika nyonga, akawa anachechemea mpaka alipofariki mwaka 1994, akituachia picha moja tu, tena amekaa.

Dada alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, ambako alichapwa si haba kwa kuchora watu wanaokimbia kwenye pembe za madaftari, kisha sekondari hadi 1988, na chuo cha sanaa alichohitimu mwaka 1992. Alianza kwa kuandika mabango ya maduka, na mwaka 2001 akaajiriwa kituo cha televisheni, kitengo cha katuni, akajifunza kompyuta ukubwani kwa ubishi wake mwenyewe.

Kwa wasioijua kazi ile, sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta kuna mstari wa muda, fundi anatia alama pale mkono wa mtu aliyechorwa ulipo, anasogea mbele anatia nyingine pale unapofika, na kompyuta inajaza mwendo wa katikati. Alama hizo ndizo fremu kuu, na dada alikuwa mkali nazo kupita kiasi, kwani hata mtu aliyesimama tu hutiwa alama mbili, na mwanafunzi aliyekuwa akimfundisha kazi akisahau ya pili, yule mtu akaanza kuinama polepole bila sababu, aliulizwa mbele ya wote kwa nini amemlewesha mtoto wa watu.

Tarehe 5 Septemba 1998 aliolewa na shemeji yetu, dereva wa lori, mtu mpole ambaye hatujui aliuwezaje ule mdomo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwezi Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Baba alipokuja kumjulia hali, akasema jambo lililomchoma dada, kwamba sura ya mama anaiona pichani, ila mwendo wake umemtoka kabisa, anautafuta hauji. Dada akaacha kazi nyingine zote, akamchora mama, akatia fremu kuu chache, mguu huku, mguu kule, akamwonyesha baba, naye akatazama, akauliza kwa adabu yule ni mgeni wa nani. Jamani, sisi tulicheka, dada akalia.

Kosa ni kwamba aliiamini kompyuta, nayo katikati ya alama ilimnyoosha mama, ikampa mwendo laini wa mtu asiyewahi kuanguka. Akaanza upya kitandani, kompyuta juu ya mto, akiongeza alama pale bega la kushoto linaposhuka, pale mguu mbovu unapochelewa, pale mkono unapopapasa ukuta, mpaka mashine ikakosa pa kubuni. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, mabinti wakaomba kumsaidia, akawaambia bibi yao hawakumjua, wamwachie.

Jumapili tarehe 28 Aprili 2024 baba aliletwa, akaketi, miguu ameinyoosha, na mama akatokea kwenye kioo akitoka jikoni na sufuria. Baba aliivuta miguu yake akaikunja chini ya kiti, mama apite. Dada akafunga kompyuta, akaomba chai, akanywa kikombe kizima.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, na wenzake wa kitengo cha katuni, hata wale aliowagombeza.

Dada, baba amenituma nikushukuru kwa niaba yake. Anasema amemwona mkewe. Pumzika, dada yetu, kwa amani.