Historia ya Mama Kalondu, Ambaye Hakula Nguruwe

Mchungaji, wazee, majirani wa Kola na wageni wetu kutoka Kathiani, mimi ni Kimeu, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Josephine Kalondu, tangu alipozaliwa hadi alipotuacha.

Mama alizaliwa tarehe 11 Mei 1955 hapa Kola, mtoto wa pili wa Mzee Masila na Mama Ndunge, akaingia shule ya msingi mwaka 1963, akasoma hadi darasa la saba, kisha akakaa nyumbani kulima na kulea wadogo zake. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, Nzioka, mfanyakazi wa ranchi kule Konza, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1976, Kamanthe mwaka 1979 na Ndila mwaka 1983. Mwaka 1978 alibatizwa katika kanisa hili, ambalo washiriki wake hawali nguruwe, na tangu siku hiyo hakumwonja tena.

Baba alifariki mwaka 1991, na Machi mwaka uliofuata mama aliajiriwa katika hoteli ya kaka yake baba, baba yetu mkubwa Bartholomew, pale sokoni, akipika chai na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa upande mmoja huku baba mkubwa akichoma nguruwe upande wa pili, na wateja walizoea kumsikia akiwaambia, “Kuleni huyo ndugu yenu, mimi niachieni kachumbari.” Kachumbari hiyo ilikatwa na baba mkubwa kila asubuhi, na mama aliila kila mchana kwa miaka.

Nguruwe wa baba mkubwa walikuwa sita, walifungwa mahindi yakiwa shambani na kufunguliwa baada ya mavuno wajitafutie, kama nguruwe wa karibu kila boma hapa. Choo cha hoteli kilibomoka katika mvua ya 1993, hakikujengwa kingine, watu wakawa wanaenda kichakani, na nguruwe wakawa wanawafuata huko huko. Mara nyingine nyama ilikuwa na punje nyeupe kama mchele, nayo ilichomwa na kuliwa hivyo hivyo, mara nyingi kabla haijaiva ndani.

Tarehe 18 Septemba 1997 mama alianguka karibu na jiko, akaungua mkono wa kushoto, kwa kuwa wateja waliogopa kumgusa wakidhani povu la mdomoni huambukiza kifafa. Kwa miaka tisa aliendelea kuanguka, tukampeleka kwa waombezi, kwa waganga na zahanati, akapewa vidonge, akapata nafuu, akaanguka tena, nasi tukachoka, naye akachoka kuliko sisi. Watu walisema kifafa kiko katika ukoo wetu, na Agosti mwaka jana familia ya kijana aliyemchumbia Ndila ilituma ujumbe kwamba mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia ndoa, wangesubiri hadi ijulikane mama huyu anaugua nini.

Oktoba alipigwa picha ya kichwa Nairobi, na daktari akamuuliza kama anakula nguruwe. Mama alikasirika, akamwambia, “Daktari, mimi niko na miaka ishirini na nane bila hiyo nyama, unataka kunitoa kanisani?” Daktari alitueleza, nami narudia kama alivyosema. Mtu akila nguruwe mwenye punje ambaye hajaiva, anapata mnyoo aitwaye tegu tumboni, anaweza kukaa naye miaka bila kuumwa, na mayai ya tegu hutoka katika haja kubwa. Nguruwe akila uchafu huo, anapata punje katika nyama, na mtu akimeza mayai hayo kupitia mkono usiooshwa au mboga mbichi, anapata punje hizo hizo mwilini, na kwa mama ziliingia kwenye ubongo. Mayai hayatoki kwa nyama, hutoka kwa mtu.

Tulipoagizwa sote tupimwe, baba mkubwa alicheka, akasema, “Mimi niko na nguvu kuliko nguruwe wangu, mtapata nini kwangu?” Ni yeye peke yake aliyekutwa na tegu, akatibiwa, akapona. Daktari hakuweza kuapa kwamba mayai yaliyomuumiza mama yalitoka kwake, kwa maana waliopita hotelini ni wengi, na hatutasema zaidi ya alivyosema daktari. Mama alianza dawa, lakini kichwa kilikuwa kimejaa maji, na alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Februari 2007, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Juzi familia ilibishana kuhusu karatasi hii, wengine wakitaka isomwe tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Baba mkubwa ndiye aliyekataa, akatuambia, “Mkiandika hivyo, watu watajaza wenyewe, na atakayeumia ni huyu msichana, Ndila. Andikeni Bartholomew.” Tumeandika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa sokoni waliojifunza kumlaza ubavu badala ya kukimbia, na majirani waliokuja Novemba na majembe wakachimba vyoo viwili, ingawa boma nyingi bado hazina, na nguruwe bado wanazurura hata leo mtakapokuwa mkienda nyumbani.

Wageni wetu wa Kathiani, mlituuliza swali, na mmekuja kumzika kabla hatujawajibu. Mama hakuwa na ugonjwa wa ukoo. Ndila amepimwa, yuko mzima, na matokeo anayo mwenyewe, mumuulize yeye, si sisi.

Mama, umeanguka vya kutosha. Lala kwa amani.