Mama Breki, Mwalimu wa Udereva Aliyemfuata Binti Yake Ng'ambo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikiza leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, habari hizi za maisha ya marehemu mnasomewa na binti yake wa pekee. Alikubali kazi hii kwa sharti moja tu: mahali pa kucheka, mcheke. Marehemu mwenyewe angecheka kabla yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano wa seremala na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Kaka yake mkubwa anakumbuka kwamba marehemu alipokuwa na miaka sita alikuwa akijipakia kwenye toroli la baba yao, akaamuru asukumwe, kisha akamkaripia msukumaji kila kona iliyokatwa vibaya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958, na sekondari ya wasichana kuanzia 1965 hadi 1968. Jiografia aliipenda, na ramani alizichora bila kuangalizia. Kuhusu hesabu alikuwa akisema, "Tulikutana njiani tukasalimiana, kila mtu akaenda zake."

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa karani katika kampuni ya malori. Kwa miaka mitatu aliandika safari za watu wengine mpaka akachoka, akaenda kujifunza kuendesha. Leseni aliipata Mei 1974 kwa jaribio la kwanza, na mwaka uliofuata shule ya udereva ya mjini ikamchukua kuwa mwalimu. Hawakuwahi kuwa na mwalimu mwanamke. Siku ya kwanza bwana mmoja alifungua mlango, akamkuta amekaa kiti cha mwalimu, akauliza, "Dada, mwalimu anafika saa ngapi?"

"Ameshafika," marehemu akamjibu. "Anakusubiri ufunge mkanda."

Alifundisha miaka thelathini na sita. Kati yenu hapa, walioendesha gari kuja makaburini, si wachache waliopitia mikononi mwake, na wanajua jinsi alivyokuwa akigonga dashibodi kwa kalamu mtu akisahau kutazama kioo.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi redio, aliyekuwa mwanafunzi wake. Fundi huyu alianguka mtihani wa udereva mara tatu, akawa analazimika kurudi darasani kila mara. Wapo wanaosema alianguka kwa makusudi. Yupo hapa mstari wa mbele. Kwa miaka arobaini na minne hajakiri wala kukana.

Mungu hakuwajalia mtoto wa tumboni. Mimba tatu ziliharibika, na baada ya ya tatu marehemu aliomba asiulizwe tena habari hizo, akaheshimiwa. Kisha Januari 1988 ikaja barua kutoka kwa mwenzake wa sekondari, aliyekuwa muuguzi katika nyumba ya kulelea watoto nchi ya mbali. Katikati ya habari nyingine aliandika kwamba wanaye msichana wa miaka miwili asiyetaka kuchukuliwa na mtu. Kila mgeni anayekuja kumwona hutupiwa kiatu. Marehemu alimsomea mumewe mstari huo mara mbili, halafu akasema, "Huyo ni wangu."

Haikuwa rahisi. Karatasi zilichukua miezi ishirini na sita. Walipigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, wakapimwa damu. Fomu moja ilirudishwa kwa sababu kwenye picha fundi redio alikuwa anatabasamu. Afisa wa ustawi wa jamii alifika nyumbani mara nne. Mara ya mwisho alisimama mlangoni pa chumba cha mtoto, akauliza, "Mbona kitanda kimewekwa katikati?"

Fundi redio akasema, "Hatujui atapenda ukuta upi."

Afisa aliandika jambo kwenye daftari lake, na hakurudi tena.

Wakati huo wote marehemu alikuwa akijifunza lugha ya nchi ile kwa mshona viatu mgeni aliyekuwa na kibanda karibu na shule ya udereva. Machi 1990 walisafiri. Kwenye chumba cha wageni cha ile nyumba ya watoto, mbele ya mtoto aliyeshika kiatu tayari, marehemu alipiga magoti, akatamka sentensi yake aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima: "Sisi ni wazazi wako, usiogope." Mtoto alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mlezi ndiye aliyeeleza. Mtoto alitoka milimani, na huko kuna lugha nyingine kabisa; kwa lugha hiyo maneno yale yalisikika kama "Sisi ni magunia, usitumwage." Kiatu hakikurushwa.

Mahakamani hakimu alimuuliza kwa nini anataka mtoto wa nchi nyingine. "Mheshimiwa," alijibu, "nchi siitaki. Namtaka huyu anayenitazama kama nimemwibia."

Nyumbani mtoto alichagua ukuta wa dirishani, lakini hakusema neno kwa miezi minne. Marehemu alikuwa akienda naye kazini, anamkalisha kiti cha nyuma. Asubuhi moja ya Julai, mwanafunzi akiwa kwenye usukani, kalamu ilimponyoka marehemu, akainama kuiokota. Mbele yao bwana mmoja alikuwa anavuka na trei mbili za mayai. Sauti ikatoka nyuma: "Mama! Breki!"

Gari lilisimama hatua moja kutoka kwenye mayai. Marehemu alishuka, akazunguka nyuma ya gari, akakaa huko muda mrefu. Mwanafunzi alidhani anakagua matairi. Alikuwa analia. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mama Breki, na hakutaka jingine.

Mwaka 2008 binti, akiwa na miaka ishirini na miwili, alimwambia mama yake kwamba anataka kujua alikotoka. Siku ile marehemu aliosha gari mara mbili, na lilikuwa safi. Jioni akasema, "Sawa. Ila nitaendesha mimi." Alikodi gari nchi ile, usukani ukiwa upande asiouzoea, akapanda nalo milimani kwa muda wa saa saba, kalamu mkononi mwa binti.

Karatasi za mahakama zilisema mama mzazi hajulikani alipo. Walimkuta kwenye nyumba ileile aliyojifungulia, anafuma blanketi. Kumbe alikuwa amelazwa mbali kwa ugonjwa wa mapafu, na aliporudi baada ya karibu miaka mitatu aliambiwa mtoto ameshachukuliwa. Mkalimani alipomaliza kueleza hayo, marehemu aliinuka kitini. "Mwambie sikujua," alisema. "Mwambie huyu ni mwanawe. Mimi nitakaa pale mtakaponiweka, hata kama ni nje."

Mfuma blanketi alisikiliza, akamtazama kutoka juu hadi chini, akajibu kwa maneno machache. Mkalimani alitafsiri: "Anasema ukae. Chakula kinapoa."

Walikaa siku tisa. Baada ya hapo wanawake hao wawili walipigiana simu kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano, ilhali hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mmoja alisema yake, mwingine akasema yake, wakacheka, wakaagana.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2021, na mwaka uliofuata alirudisha leseni yake mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Alipopelekwa kliniki aliendelea kukanyaga sakafu ya gari kila kona. Alilazwa tarehe 2 Juni mwaka huu, na Jumanne tarehe 11, saa tatu asubuhi, alifariki wodi namba tano, mkono mmoja ukiwa kwa mumewe na mwingine kwa binti yake. Familia inawashukuru wauguzi waliovumilia kufundishwa namna ya kusukuma vitanda vyao.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja na wadogo watatu. Pia ameacha mfuma blanketi, aliyefika jana mchana kwa safari yake ya kwanza ya ndege. Tulipomuuliza tumwandike vipi kwenye ratiba hii, mama mzazi wa binti au rafiki wa familia, aliomba aandikwe dada wa marehemu.

Dada wa marehemu, simama watu wakuone.

Mama, pumzika kwa amani. Tumekufikisha.